Simu ya Kukunja Ilipofika Oldonyiro

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla duka halijafunguliwa. Nilivaa sketi nyeusi niliyoshonesha kwa ajili hiyo na viatu vya kuazima vilivyonibana, nikasimama kwenye veranda kando ya barabara kuu ya Isiolo, huku ng'ombe wa mtu wakipita katikati ya lami kana kwamba nao wanaenda ofisini. Msimamizi wa Tawi alipofika aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Hata habari ya asubuhi hakunipa.

"Wewe mama, unajua hapa tunauza simu? Hapa si soko ya mboga."

"Najua, bosi," nikamwambia. "Lakini mboga zikija pia nitauza."

Hakucheka. Nilicheka mwenyewe, nikaingia, nikachukua ufagio na kuanza kazi ambayo ningeifanya mpaka nywele ziwe nyeupe.

Kwa wasionijua, mimi ni Kanana. Ni Mmeru, lakini nimezaliwa Isiolo na kukulia Isiolo, na Kiborana, Kiturkana na Kisamburu nilivipata mtaani pamoja na makovu ya magoti. Wakati huo nilikuwa mjane mwenye binti mmoja wa sekondari, na kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye ghala la mahindi, kazi ya kuhesabu magunia na kukohoa vumbi. Nina mdomo, sikatai. Wanaonifahamu wanasema nikianza kusema hata redio inazimwa. Basi kaeni vizuri niwaeleze jinsi simu ilivyouzwa wakati wetu, kwa sababu naona nyinyi vijana mnafikiri simu iliota mkononi mwenu.

Siku hizo simu ilikaa ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, na mteja aliiangalia kwanza kwa wiki kadhaa kabla ya kuigusa. Kabla ya kumkabidhi, tulikuwa "tunaivalisha": unafungua mgongo wa simu, unaingiza laini, ile kadi ndogo inayobeba namba ya mtu, unapachika betri, unaichaji mpaka ijae, unarekebisha saa. Halafu ndipo kazi yenyewe inaanza, nayo ni kufundisha. Mtu ameangalia kundi la mbuzi mara moja tu na anajua yupi hayupo, lakini hajawahi kubonyeza kitufe maishani. Namfundisha kijani ni cha kuingia, chekundu ni cha kutoka. Namfundisha kukwaruza kadi ya salio taratibu kwa ukucha, asije akakwangua na namba zenyewe. Namfundisha kwamba hakuna haja ya kupiga kelele, na hilo halikusikilizwa na hata mmoja. Nikifika kwenye kuflashi, yaani kupiga na kukata upesi ili mwenye salio akupigie, nakuta wameshajua kabla sijamaliza sentensi.

Msimamizi alinipeleka Kinna akitumaini nitachoka haraka. Kinna kuna wakulima wa mifereji, nyanya na vitunguu, na asubuhi unaingia sokoni na salaam aleikum kabla ya neno lingine lolote, la sivyo unauza hewa. Niliwekewa meza chini ya mwavuli na boksi moja la simu zile za tochi, mulika mwizi kama tulivyoziita. Nilitoa salamu zangu vizuri, nikauza boksi, nikarudi Isiolo kuchukua lingine. Msimamizi alinitazama kama aliyeona paka akirudi nyumbani baada ya kutupwa ng'ambo ya mto.

Akanihamishia Kulamawe. Wueh! Kule mtandao ulikuwa kama mgeni mwenye maringo. Ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shule, na ukigeuza shingo umepotea. Nilitafuta nguzo, nikaisimamisha pale pale unaposhika, nikapigilia msumari, nikatundika simu. Ikilia, mtu anapanda, anasikiliza akiwa amesimama bila kuitoa msumarini. Wateja wakaona simu inafanya kazi, wakanunua. Siku Meneja wa Kanda alipopita na gari lake kutoka Nanyuki, alikuta akina mama wamepanga foleni mbele ya kichuguu.

"Nani alifikiria hii?" akauliza.

"Mimi, bwana Meneja. Na msumari ni wangu pia, kampuni haijanirudishia."

Yeye alicheka. Alikuwa mtu wa miwani na shati jeupe, mkali kwa kazi lakini mwenye masikio. Msimamizi wangu alipopandishwa na kupelekwa mji mwingine, huyo Meneja ndiye aliyesema nikalie kiti cha mkuu wa tawi la Isiolo. Msimamizi alipinga mbele yangu, bila aibu hata kidogo. "Isiolo ni mji wa wanaume wa mifugo," akasema. "Mzee wa ng'ombe atakubali kufundishwa na mama?"

Meneja akanigeukia. "Madam Kanana, nakupa nafasi. Lakini mimi nataka matokeo. Tawi likilala, nalifunga, kazi inaenda Nanyuki, na wewe unarudi kwa magunia yako."

Nilikubali haraka kabla hajabadilisha mawazo. Usiku... hapana, nisiseme uongo, hata usiku sikungoja. Nilikaa kwenye kile kiti saa ile ile, nikazunguka nacho mara nyingi mpaka kichwa kikauma. Hakuna mwanamke aliyekuwa amekikalia kabla yangu katika kanda nzima.

Ndipo ikaja simu ya kukunja.

Nyinyi mmeiona kwenye picha tu, kwa hiyo niieleze. Ilikuwa vipande viwili vilivyoshikwa pamoja na bawaba, kama mlango mdogo. Ukiifunga inatosha kiganjani. Ukiifungua, kioo kiko juu na vitufe viko chini, na katikati, ndani ya bawaba, unapita utepe mwembamba unaobeba mwanga na maandishi kutoka chini kwenda juu. Fundi akikwambia utepe umekatika, ujue kioo kitakuwa cheusi hata kama simu inalia. Nje ilikuwa na kidirisha kidogo cha kuonyesha saa. Kupokea simu unaifungua tu. Kumaliza unaifunga, na ikifungwa inatoa mlio mzuri: kap!

Makao makuu walizipenda mno, wakatuletea katoni nzima. Vijana wa mjini walifurahi kweli. Mwalimu mmoja alikuwa anaifungua kwa kidole gumba kimoja, anaifunga, anaifungua, mpaka wanafunzi wakaacha kuangalia ubao. Lakini duka la Isiolo halikuwahi kuishi kwa walimu na manesi. Liliishi kwa watu wa mifugo, na hao waliikataa kuanzia mlangoni. Mama mmoja wa Kiturkana aliishika, akaifungua, akashtuka na kunirudishia.

"Hii imevunjika mgongo," akasema. "Nipe mzima."

Nilimweleza ndivyo ilivyotengenezwa. Akaniangalia kwa huruma. Wengine waliuliza tochi iko wapi, na haikuwa na tochi. Wengine walisema vumbi la Isiolo litaingia kwenye hiyo bawaba na kuota majani. Lakini mimi niliona faida yake. Mulika mwizi ukiitia ndani ya shuka na kutembea, vitufe vinajibonyeza na kupigia watu ovyo. Mfugaji anafika kisimani akakuta amempigia chifu njia nzima. Hii ya kukunja ukiifunga, imefungwa. Niliimba wimbo huo mpaka nikampata dalali wa ng'ombe aliyeitwa Jackson, kijana mrefu wa Kisamburu aliyekaa mjini huku wazazi wake wakiwa Oldonyiro, kwenye nchi ya wafugaji. Alinunua mbili: moja yake, moja ya baba yake, Mzee Lekadaa. Baada yake wenzake wa Oldonyiro wakaja, mmoja mmoja, wakanunua. Nikaanza kupumua.

Siku ya soko iliyofuata Jackson aliingia dukani na simu zote mbili zimefungwa kwenye kitambaa, akaziweka juu ya meza kama mtu anayeweka maiti ya ndege.

"Madam, chukua. Baba amekataa. Na mimi amenikataa."

Nikamkalisha, nikampa soda, akaeleza. Alikuwa anapakia ng'ombe kwenye lori, nje kidogo ya mji wa Isiolo, kwenda kuwauza Nairobi, na mtu wa kwao hapandi safari kama hiyo bila baraka ya baba. Akampigia. Mzee akaanza kubariki kama ilivyo desturi: yeye anasema maneno, na anayebarikiwa anajibu "Nkai", yaani Mungu, kila baada ya kauli. Wakaenda vizuri. Halafu mzee akanyamaza. Jackson akangoja kidogo, akadhani imekwisha, akaifunga simu. Kap! Mzee alikuwa bado. Mlio ule ukamgonga sikioni baraka ikiwa nusu mdomoni.

Na lori nalo, kama limetumwa, likazama kwenye mchanga wa laga, lile korongo kavu, kabla hata halijafika lami. Basi! Oldonyiro yote ikajua sababu. Ile simu inakata baraka. Wote walioinunua wakairudisha, na wengine hawakuingia ndani, waliipitisha dirishani kwa vidole viwili.

"Lakini hata kwa simu ya zamani si ungekata tu, Jackson?"

"Ya zamani hatukati, madam. Unangoja tu mpaka mzee atoe sikio, hata salio liishe. Lakini hii, ukimaliza kuongea, mkono unafunga wenyewe. Na yeye anasikia ukimfungia."

Katoni ilirudi kujaa. Meneja wa Kanda akanipigia, sauti yake imekauka kama mkate wa juzi.

"Madam Kanana, matawi mengine yamemaliza zao. Wewe unarudishiwa! Tangu nizaliwe sijasikia duka linalouza kinyumenyume. Mwisho wa mwezi nakuja Isiolo. Zikiwa bado ziko hapo, sitakuwa na maneno mengi. Nitachukua funguo."

Niliogopa, jamani. Ninajigamba leo, lakini siku hiyo nilikaa kwenye kile kiti changu bila kukizungusha. Nilimfikiria binti yangu na shule. Nilimfikiria yule Msimamizi wa zamani akisikia habari, jinsi atakavyopiga meza kwa furaha. Nilifikiria vumbi la mahindi. Nikalia kidogo, nikafuta macho kwa kitambaa, nikajikaza kisabuni. Nilimwambia Jackson, "Wewe chukua simu yako tena, kaa mjini, usiizime. Mimi naenda kwa baba yako."

"Atakufukuza."

"Afukuze nikiwa nimefika."

Siku ya soko la Oldonyiro nilipanda lori la mifugo lililokuwa linaenda kupakia mbuzi, nikakaa mbele na dereva, katoni mapajani. Barabara ile ilikuwa haijui kusamehe. Nilifika nimekuwa mwekundu kuanzia nyusi mpaka kucha, na nikamkuta Mzee Lekadaa kando ya ua la mnada, ameketi kwenye kigoda chake, blanketi jekundu begani, shavu moja limejaa tumbako, fimbo mkononi. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Wazee wenzake walikuwa wamemzunguka, na nyuma yao wanawake wa shanga na vijana wa boma lake.

"Habari ya leo, Apaiya," nikamsalimu, kwani ndivyo Wasamburu wanavyomwita mzee wa heshima.

"Mzuri. Umekuja kuchukua takataka yako?"

Nilimuuliza habari ya watoto, habari ya ng'ombe, habari ya majani, habari ya mvua, nikaenda pole pole bila kuruka hata moja, na yeye, akitaka asitake, ilimbidi ajibu zote. Tulipomaliza alikuwa amelegea kidogo. Sikungoja akaze tena.

"Apaiya, Jackson hakukudharau. Ulinyamaza, akadhani umemaliza."

"Nilikuwa natema tumbako!"

Wanawake wakacheka nyuma ya mikono. Yeye akageuka, wakanyamaza.

"Sasa angejuaje?" nikasema, na sauti ikanipanda bila ruhusa yangu. "Mbona hukumwambia kama bado? Mtu yuko Isiolo, wewe uko huku, umenyamaza kimya, atajua ni tumbako ama ni mwisho?"

Wazee wakaguna. Nilijua nimevuka mpaka. Mzee akasema kama anayemweleza mtoto.

"Wewe mama umekaa na sisi miaka yote na hujui? Mzee hasemi amemaliza. Mzee akibariki anashika fimbo. Akimaliza anaiweka chini, ndio watu wanainuka. Fimbo ikiwa mkononi, hata mimi nikisinzia, hakuna mtu anatingika."

"Na Jackson alikuwa anaona fimbo?"

"Jackson alikuwa Isiolo! Ataonaje?"

"Ndiyo hiyo, Apaiya! Ataonaje!"

Haki ya Mungu, nililiona pale pale nikiwa bado nasema. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikachomoa kwenye katoni ile simu yake aliyoirudisha, nikaifungua. Kule Oldonyiro siku hiyo mtandao ulikuwa na heri, ulishika. Nikampigia Jackson, nikamwambia, "Baba yuko hapa. Leo hata usikie nini, hata usisikie chochote, usiguse hiyo simu mpaka yeye afunge." Nikabonyeza spika ili sauti itoke wote wasikie, nikaiweka kiganjani mwa mzee ikiwa wazi.

"Apaiya, mbariki kijana upya. Lori limetoka mchangani, ng'ombe bado wanangoja safari."

Mzee aliangalia simu kwa dharau. Akaangalia wazee wenzake. Mmoja akamwitikia kwa kidevu. Basi akakohoa, akaanza.

"Nkai akupe barabara."

"Nkai," sauti ya Jackson ikatoka kiganjani, nyembamba kidogo, na wanawake nao, bila kuambiwa, wakaitikia pamoja naye. "Nkai."

"Akupe maji mbele na majani nyuma."

"Nkai."

"Wanyama wako wasahau ugonjwa."

"Nkai!" Sasa ua zima lilikuwa linaitika, hata madalali walioacha kupigania bei.

Halafu mzee akanyamaza. Akazungusha tumbako mdomoni, ananitazama mimi jicho kwa jicho. Alikuwa anafanya makusudi, mwerevu yule! Akageuka pembeni, akatema, akajifuta mdomo kwa blanketi, akatazama mbuzi wa mtu, akarekebisha kiatu chake cha tairi. Kazi yangu, kiti changu, shule ya mtoto wangu, vyote vilikuwa vimelala kwenye mkono wa dalali mmoja huko Isiolo. Simu ilikaa kimya. Tulimsikia Jackson akipumua tu.

"Na urudi," mzee akasema hatimaye, "ukute mimi bado niko."

"Nkai," akajibu Jackson. Wanawake wawili wakafuta machozi, na mimi nilikuwa wa tatu.

Mzee akanigeukia. Alikuwa amemaliza, nilimwona mabegani. Nikamwambia, "Fimbo yako ya leo ni hiyo, Apaiya. Iweke chini. Funga."

Akaishika kwa mikono miwili na kuifunga kwa nguvu zote. Kap!

Hatukuwa tumeinua hata mguu, simu ikalia tena kiganjani mwake. Aliifungua mwenyewe. "Baba," Jackson akasema, "nimesikia. Umemaliza."

"Nimemaliza," akasema Mzee Lekadaa, akafunga tena. Kap! Halafu uso wake wote ukafunguka, akacheka kicheko ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka. "Ameisikia Isiolo! Fimbo yangu imesikika Isiolo!"

Akaifungua, akaifunga. Akaifungua, akaifunga. Akawaonyesha wenzake, nao kila mmoja akataka kuijaribu, na kila mmoja alipoifunga alijinyoosha kidogo kwenye kigoda chake. Papo hapo wazee wakatoa sheria, na sheria ya wazee wa Oldonyiro haina haja ya mhuri: kuanzia leo mkubwa ndiye anayefunga. Mtoto, kijana, mke, mkwe, wote wanashika simu wazi mpaka wasikie mlio. Na kwa kuwa mkubwa ndiye anayefunga, ni mzee gani sasa atakubali kubaki na simu isiyofungika? Kufunga amwachie nani?

Katoni yangu haikufika adhuhuri. Wazee waliinunua, wana wakawanunulia baba zao, wanawake wakauza mbuzi kuwanunulia waume, na nina hakika walijutia baadaye kuwapa silaha ile. Waliozirudisha walidai zao zile zile kwanza. Nilivalisha simu nimepiga magoti pale kwenye mavi ya mbuzi, laini baada ya laini, sketi imeharibika kabisa, naimba.

Nilikuwa nakunja katoni tupu Meneja wa Kanda aliponipigia. Nami nilitumia simu ya kukunja, ya maonyesho ya duka, nikaweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa.

"Madam, sitangoja mwisho wa mwezi. Makao makuu wameamua. Kesho naja kuchukua funguo."

"Bwana Meneja, zimeisha. Zote."

"Usinichezee. Wiki hii umerudishiwa nusu ya mzigo, leo zimeisha? Umezificha wapi?"

"Nani huyo anakupigia kelele?" Mzee Lekadaa akauliza.

"Ni mkubwa wangu, Apaiya. Anataka kufunga duka."

Mzee akanyoosha mkono. Hakuomba, aliunyoosha tu. Nikampa simu.

"Wewe ni nani?" akauliza ndani ya simu. "Haya. Mimi ni Lekadaa. Sikia. Duka ya huyu mama haifungwi. Leta simu ingine, hii ya kukunja, nyingi, soko inayokuja. Na wewe mwenyewe kuja nayo, tukuone sura."

"Mzee, tafadhali," ikasema sauti ya Meneja, "kampuni ina utaratibu wake. Kwanza kabisa tunatakiwa..."

Kap!

Jamani! Ua la Oldonyiro lililipuka kwa kicheko mpaka mbuzi wakakimbilia upande mmoja. Mimi nilikaa chini kabisa, nimeshika mbavu, machozi yakiosha vumbi usoni. Nilijaribu kuona aibu kwa ajili ya mkubwa wangu. Haikuja.

Meneja alikuja soko lililofuata, mwenyewe, na katoni nyuma ya gari. Shati jeupe lilifika na rangi ya barabara. Mzee Lekadaa alimkalisha chini na kumuuliza habari ya watoto, ya ng'ombe, ya majani na ya mvua, na maskini Meneja hakuwa na ng'ombe, ikabidi aeleze kwa nini. Jioni, katoni zikiwa tupu, aliniambia pembeni, "Madam, hilo tawi ni lako. Mimi sitaliongelea tena." Na kweli hakuliongelea. Mwaka baada ya mwaka simu za kukunja za kanda nzima ziliishia kwangu, hata zilizokataliwa miji mingine, na fundi wangu wa Isiolo akawa bingwa wa kubadilisha utepe na bawaba kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Walitaka kunipandisha waniweke Nanyuki. Nikakataa. Ningefanya nini Nanyuki, nihesabu watalii?

Sasa nimestaafu. Simu za leo ni kioo kitupu. Ukimaliza unagusa kidole na hakuna anayesikia kitu, na nyinyi mnakatiana kauli kushoto na kulia mkidhani ni mtandao. Sina ugomvi na kioo. Binti yangu, aliyemaliza shule yake yote kwa kazi ile, amenipa kimoja, na wajukuu huniona ndani yake kila Jumapili. Lakini mkiniuliza kazi ya kuuza simu ni nini, nitawaambia si kujua simu. Simu utaijua kwa siku moja. Kazi ni kupiga magoti mbele ya mtu aliyekukasirikia na kumuuliza yeye kwao hufanyaje.

Siku ya kuniaga, Meneja wa Kanda, naye mzee sasa, alisimama kutoa hotuba, na wazee wa Oldonyiro walikuwa wamekaa mstari wa mbele na simu zao mikononi, kwa hiyo alikuwa mfupi sana wa maneno. Nilimkabidhi funguo ambazo miaka ile alitaka kuja kuzichukua. Hakuzitia mfukoni. Alizipitisha moja kwa moja kwa mkuu mpya wa tawi, msichana wa hapa hapa mjini, naye akakaa kwenye kile kiti mbele ya wanaume wote wa mifugo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini ni mwanamke.